Mikono Juu

Saa mbili na robo asubuhi mkufunzi kutoka chuoni aliketi nyuma ya darasa la tatu, akakunja nne, akatoa simu. Alikuja kumpima mwalimu mwanafunzi. Alama za kipindi hiki ndizo zingeamua kama binti huyo atahitimu.

Mwalimu mwenye darasa alishapanga mambo kabla ya kengele. "Swali likiulizwa, wote nyoosheni. Anayejua, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto." Kisha akamgeukia binti. "Nawe mwanangu, chagua wa kulia tu, uchukue alama zako uondoke." Miaka ishirini kazini, na huo ndio ualimu uliombakia.

"Robo ya nane ni ngapi?" binti aliuliza.

Mikono yote ikapanda. Mkufunzi aliinua macho, akatabasamu. "Safi! Darasa limeiva," akasema, akarudi kwenye simu. Pamoja na shahada zake mbili, hakutofautisha kulia na kushoto.

Dawati la mbele, msichana mmoja alinyoosha wa kushoto. Kiwiko alikiegemeza kwenye kiganja cha kulia, kama mtu anayejua hataitwa na haoni sababu ya kujichosha.

Mwenye darasa, aliyesimama mlangoni, alikohoa. "Wa kulia, mwanangu," akamnong'oneza binti.

"Wewe hapa mbele, wa mkono wa kushoto," binti akasema kwa sauti, akamnyooshea chaki. "Njoo ubaoni tuigawe pamoja."

Mikono ya kushoto yote ikashuka kwa mkupuo. Mkufunzi aliinua macho tena. Hewani ilibaki mitano.