Pasi za Kuombewa

Wakala aliziweka pasi za wasichana madhabahuni ziombewe kabla ya safari ya kwenda kufanya kazi ughaibuni. Mchungaji aliomba mpaka shati likalowa. Aliposema amina, Eliwaza, mzee wa kanisa, alizikumbatia zote kifuani.

"Mama, lete hizo, tutachelewa ndege," wakala alisema.

"Kwani ni zako? Sura yako imo katika ipi?"

"Mama Eliwaza, tumwachie Mungu," mchungaji akasihi.

"Mwaka jana tulimwachia, mchungaji, na wale mabinti wamefungiwa huko, hata simu wamenyang'anywa. Nimechoka kuwaombea watoto wa watu wakienda kuuzwa!"

Akafungua pasi ya juu, akaita jina. Msichana akasogea mbele, na mikono miwili ikanyooshwa kwake: wa Eliwaza ukimpa pasi, wa wakala ukiidai.