Aliyezikwa kwa Mgomba

Sauti ilipoita kutoka shamba la mihogo, Taaka alimvuta Shallon mapajani akamziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Usigeuke," alimnong'oneza. "Sema Baba Yetu, mwanangu. Taratibu."

Jua lilikuwa bado halijazama. Inspekta Ecodu, aliyetoka Tororo kuja kuuliza habari za Maloba, alishusha kikombe chake cha chai.

"Nani huyo?"

"Ni Maloba, marehemu mume wangu, afande."

Hakulia. Alilia vya kutosha siku ile shemeji yake Osinya aliporudi kutoka bondeni, nguo zimelowa mpaka kifuani, akasema wamevusha mahindi kwa njia ya panya, Maloba ameteleza, mto Malaba umemchukua. Waliutafuta mwili mpaka wakachoka. Mwishowe Osinya akawasihi wazee wasikawie, roho ya ndugu yake isije ikatangatanga. Wakakata mgomba, wakauvika shati la Maloba, wakauzika badala ya mwili, mchungaji akaomba.

Aliyezikwa hivyo haitikiwi. Akiitikiwa, huondoka na mtoto wa nyumba. Kila mtu pale alilijua hilo, na Taaka alikuwa na mtoto mmoja tu.

"Umemwona?" Ecodu aliuliza.

"Haonekani. Majani tu yanatikisika, chini chini, kama ya mtu asiye na miguu. Mwanzo alifika mpaka karibu na jiko. Shemeji akamfukuza kwa mawe. Sasa anabaki kule."

Osinya, aliyeegemea nguzo ya jiko akitafuna muwa, alicheka. "Afande, siku hizi serikali inakamata mpaka mizimu? Hiyo pingu utaifunga wapi, na mikono hana?"

Ecodu hakucheka. Tangu afike alikuwa akimwuliza Osinya maswali ya shamba, nani atalilima, nani atalirithi, mpaka Taaka akaona aibu. Huyu ndiye aliyewalisha tangu msiba.

Sauti ikaja tena, kavu, ndogo kuliko ya jana.

"Huwa anasema nini?"

"Ananiita jina. Halafu anaomba maji. Kila akija, maji."

Ecodu aligeukia shamba la mihogo.

"Mama Shallon, mtu aliyekufa kwa kuumeza mto mzima, bado ana kiu?"

Taaka hakuwahi kuliwaza hilo. Osinya aliacha kutafuna.

"Usiende huko, afande," alisema. "Na wewe una watoto."

Ecodu alikuwa ameshaanza kushuka. Taaka alimkimbilia mpaka mwisho wa uwanja, akamkamata mkono wa shati. "Usimjibu! Nakuomba kwa jina la Yesu. Si wewe utakayezika mtoto!"

Ecodu alijinasua polepole, akaingia shambani. Mihogo ikamfunika.

Kukawa kimya. Hata kuku waliokuwa wakigombania mahali pa kulala walitulia. Kisha Ecodu akapaza sauti:

"Mama Shallon! Leta maji! Haraka!"

Taaka alimtazama mwanawe, akalitazama kaburi ambalo udongo wake haujashuka. Akamwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpango, akachota kikombe cha maji mtungini. Nyuma yake pikipiki ya Osinya iliwaka, ikaondoka kwa kasi kuelekea mpakani Malaba.

Alimkuta Ecodu amepiga magoti. Mbele yake alilala mtu mwenye ndevu zilizoganda matope, miguu imevimba na kupinda kama iliyovunjwa, viwiko vimechubuka mpaka mfupani. Ecodu alikipokea kikombe, akakitazama, akakiweka chini bila kumnywesha. Akavua kofia.

Taaka aliinama, akamgusa mumewe shavuni. Lilikuwa bado na joto.