Sauti ya Chande

Kitendawili! Mfalme wangu hana sauti mpaka apewe na kizee. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Ni simba! Siku hizi simba huzalishwa kwa mashine, na kila bustani ya wanyama hupewa mmoja tu, asiyewahi kumsikia mwenzake. Mimi niliwasikia utotoni, wangali porini, ndiyo maana kila asubuhi huitwa bustanini kumngurumia simba wetu, Chande.

"Mama, huko ni kukohoa!" binti yangu Mwanaidi hunicheka.

Jana Chande aliniitikia kwa mara ya kwanza. Nililia. Nikamuuliza Mwanaidi, "Nikifa, nani atamjibu?" Akaendelea kuosha vyombo.

Leo nimemkuta jikoni, mlango kaufunga, ananguruma peke yake.

"Mimi, mama," akasema. "Nifundishe."