Kikombe cha Kijani

"Jamani, anavuka!" nilipiga kelele, maziwa ya moto yakanimwagikia mkononi.

Wateja wote wakakimbilia dirishani, isipokuwa Nunzio. Kwa miaka kumi na moja mzee huyu amekunywa kahawa kwenye mkahawa wangu, na mdogo wake amekunywa kwenye ule wa ng'ambo ya barabara ya Lygon, kila mmoja akimkodolea mwenzake macho kupitia kioo, salamu hakuna.

Sasa mdogo mtu alikuwa katikati ya reli za tramu. Alikuwa amebeba kikombe cha kijani cha ule mkahawa wa ng'ambo, kinagongagonga kisahani kila hatua. Tramu ikapiga kengele. Hakugeuka.

Akaingia, akakitua mbele ya Nunzio.

"Kaka, nimeshindwa. Kahawa ya kule ni maji ya kuoshea vyombo."

"Kwani hii ya hapa unadhani ni nzuri?" Nunzio akafoka. "Chungu kuliko dawa! Nimeivumilia kwa sababu ya hili dirisha tu."

Halafu akamsogezea kiti kwa mguu.

Mimi hata sikukasirika. Nilishaanza kusaga kahawa ya watu wawili.