Unga Usio na Erbi

Unga ambao haukupaswa kuwaka uliwaka kijani mbele ya macho yangu.

Nilizima leza, nikafuta miwani ya kinga, nikaiwasha tena. Kijani kile kile.

Makala yangu yalikuwa yamekubaliwa na jarida asubuhi ile. Nilidai kwamba madini ya iterbi hunasa mwanga wa leza usioonekana na kuipokeza erbi, madini yanayowaka kijani, nguvu yake vizuri mno, hata chembe chache za erbi hutosha kung'arisha unga wote. Niliandika pia kwamba unga usio na erbi hubaki giza. Unga huo sikuwahi kuupima. Leo nilitaka tu kuupiga picha.

Erbi ilikuwa imebaki kwenye kinu nilichosagia unga wote; basi hata zile chembe chache za makala yangu hazikuwa chache. Wiebren, fundi wa maabara, alinisihi mara ngapi nikioshe kwa asidi kila nikimaliza kusaga? Nilimcheka mbele ya watu: "Mzee, unasugua vyombo kama unangoja wakwe!"

Akaingia sasa na kipande cha keki niliyoileta mwenyewe, maana hapa Utrecht mwenye furaha ndiye hulisha wenzake.

"Kula, bwana mkubwa, kabla Profesa hajaimaliza!" Akachungulia kwenye mashine. "Lo! Ndio huo unga uliotutoa kimasomaso?"

Krimu ilikuwa imemganda kwenye sharubu. Moyoni nilimwomba Mungu anipe uongo mmoja tu, nikaona haya kwa ombi lenyewe.

"Hapana, Mzee. Huu ndio usio na erbi."

Hakucheka. Aliweka sahani chini, akaenda kufunga mlango.