Mbegu za Chini

Jeruto alizungusha gurudumu la hadubini polepole mpaka mbegu zote zilizo hai zikapotea. Kisha akasogeza kiti kando.

"Haya, mzee. Tazama mwenyewe."

Alijua anachofanya. Daktari aliyemfundisha kazi ya maabara hapo Kitale hakuchoka kumwambia: tone lina kina. Mbegu za mwanamume haziogelei kama bata juu ya bwawa. Hupanda, hushuka, hujizungusha kama skrubu. Tazama juu, katikati na chini, ndipo uandike. Katika tone hili, juu na katikati palikuwa kama soko la Chwele siku ya ng'ombe. Chini zililala chache zilizokufa, kama ilivyo kwa kila mwanamume.

Hapo chini ndipo alipomwonyesha Wabwile.

"Karatasi siamini," Wabwile alikuwa amesema alipoingia. "Karatasi huandikwa na mtu. Mimi naamini macho yangu."

Sasa alifumba jicho moja, akatazama sana.

"Mbona hazitikisiki?"

"Zimekufa."

"Zote?"

Jeruto akajifanya anafuta kioo. "Si umejionea, mzee?"

Asubuhi, Wabwile alipokuwa kwenye kile chumba kidogo na chupa yake, mkewe Cheptoo alikaa kwenye benchi na kikombe cha chai asichokigusa. Ati harufu ya maziwa inamchefua. Jeruto alijua ni hofu tu. Miaka saba bila mtoto, na kule Naitiri, nyumbani kwa mumewe, mama mkwe alikuwa ameshamfungia sanduku. Mwanawe akionekana mzima, Cheptoo arudi kwao mlimani siku hiyo hiyo.

Jeruto alilijua sanduku hilo. La kwake lilirudishwa kwao mwaka wa 1981, juu ya mkokoteni wa punda, watoto wa jirani wakilisindikiza kwa nyimbo. Mume wake hakupimwa.

Wabwile aliinuka kwenye hadubini kama mtu aliyepigwa na jembe.

"Miaka saba namtukana mtoto wa watu," alisema. "Nimemwita mti usiozaa mbele ya mashemeji, sista! Wakacheka, nami nikacheka." Akajifuta macho kwa kofia. "Mama atanisikia leo. Hilo sanduku nitalipasua kuni."

Akatoka.

Jeruto akabaki na kalamu. Mwanamume mwenye afya ya fahali analia kwa sababu yake, na atazeeka akiamini uongo. Akajiambia: afadhali machozi ya huyu ya siku moja kuliko ya Cheptoo ya maisha. Akaivuta karatasi ya majibu. Aliandika "Hakuna inayotembea", akakosea, akakata, akaandika tena.

Dirishani alimwona Wabwile ameketi karibu na mkewe, amekishika kile kikombe kilichopoa, anamnong'oneza. Cheptoo alimkodolea macho kama anayemtazama mgeni. Jeruto hakuweza kuendelea kutazama. Akageukia vyombo vyake vya kuosha.

Ulikuwa umebaki mrija mmoja wa kioo: mkojo wa Cheptoo, uliotiwa dawa ya kupimia. Daktari hakuwa akimpiga mwanamke picha ya kizazi kabla ya kuhakikisha hana mimba. Pete ikijichora kwenye kitako cha mrija, mimba ipo. Ni utaratibu tu, na saa mbili za kusubiri zilikuwa zimekwisha zamani.

Jeruto akainama autazame kabla ya kuumwaga.

Pete ilikuwapo. Ya kahawia, imefunga mviringo wake wote, kama iliyochorwa kitabuni.

Kioo cha dirisha kikagongwa. Wabwile alikuwa amenyoosha mkono, macho bado mekundu, uso mpole kuliko alivyoingia.

"Sista, ile karatasi ya majibu ya mke wangu nipatie mimi," alisema. "Leo sitaki asumbuke."