Msonobari wa Sebuleni

Sheria ilikataza watu kuishi kwenye nyumba isiyo na msonobari wa kale, ule uliofufuliwa kutoka kwenye kaharabu, utomvu wa kale uliogeuka jiwe, kwa kuwa ndio pekee uliosafisha hewa. Wa Mwanaidi ulisimama sebuleni, kando ya mlango.

Mtoto wake alipotimiza siku arobaini, mama mkwe alibandua utomvu kwenye gome la mti, akautia chetezoni amfukize mjukuu.

"Mama, huo si ubani!"

"Tangu lini kinachonukia kikadhuru, mwanangu?"

Moshi ukatanda. Msonobari ukasikia harufu ya msitu unaoungua, ukafanya ulichokijua tangu zama za kale ili kujikinga: ukatiririsha utomvu kila upande. Mwanaidi akamkwapua mtoto, akakimbilia mlango.

Komeo lilikuwa limekwisha kufunikwa na utomvu wa rangi ya asali, na ndani yake nzi alikuwa bado anapiga mabawa.